Shajara ya kipima maji: kuifundisha kumbukumbu kusema "bado"

Jumatatu, wiki ya kwanza

Simu imenipata saa kumi na mbili na robo asubuhi, sijatoka hata kitandani. Ni mama wa kioski cha maji cha Kayole, Nairobi, anakotumia mashine yetu ya kuuza maji kwa kadi. "Fundi, maji yamemwagika tena. Mtungi umejaa hadi shingoni, mashine haijafunga, nimekimbia kuzima kwa mkono." Nikamwuliza mteja alikuwa nani na alichagua lita ngapi. "Fundi, mimi nilikuwa nimeshika mfereji, si karatasi." Pole sana, mama. Ni mara ya tatu mwezi huu.

Niandike mpangilio wa mashine ili atakayeshika kazi hii baada yangu asihangaike. Chipu ni STM32F103C8, yenye kiini cha Cortex-M3, RAM ya kilobaiti 20, flashi (kumbukumbu ya kudumu) ya kilobaiti 64 na mwendo wa megahezi 72. Ndani inaendeshwa na FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo, yenye taski tatu, yaani kazi zinazopokezana chipu: moja inasoma kadi, inaandika kwenye skrini na kuuza maji, ya pili inashughulika na modemu, ya tatu inachunga hizo mbili. Mteja anagusisha kadi, anachagua lita, vali inafunguka, na kipima mtiririko kinatoa pulsi (mipigo ya umeme) 450 kwa kila lita inayopita. Mtungi wa lita 20 ni pulsi 9,000. Zikitimia, vali inafunga.

Hapa mezani, chumbani kwetu Luthuli Avenue, inafunga kila mara. Leo nimeuza "mitungi" 200 mfululizo kwa kadi ya majaribio, pulsi zikitoka kwenye kifaa cha kuigiza mtiririko. Zote 200 zimefunga penye 9,000 au pulsi mbili tatu mbele, muda wa vali kukaza. Kule Kayole inakataa. Kwa hiyo kuna kitu kilichoko Kayole ambacho hakipo mezani, nami sikijui.

Jumatano

Mwenzangu amekaa nami tangu saa tatu asubuhi. Tumesoma msimbo wa mauzo mstari kwa mstari, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole. Hatukuona kitu. Lakini swali moja aliloliuliza limenikaa: "Hizi nafasi za kumbukumbu ambazo hakuna aliyeziandika, ndani yake huwa na nini?"

Nilianza kumjibu "sifuri", nikanyamaza, maana si kweli kwa zote. Vigeu vya programu nzima vinafutwa kwa sifuri na msimbo wa mwanzo kabla ya main, yaani programu yenyewe, kuanza. Vigeu vya ndani ya funksheni, vinavyokaa kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya funksheni), havifutwi na mtu. Vinarithi chochote kilichoachwa na funksheni iliyotangulia mahali hapo. Na kipande cha kumbukumbu unachopewa na malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu, nacho huja na uchafu wake. Mashine ikiwashwa upya baada ya stima kupotea, RAM huamka na biti zilizokaa ovyo. Ukibonyeza tu kitufe cha kuanzisha upya bila kukata umeme, mabaki ya jana yangali pale pale. Ndiyo maana kuna hitilafu zinazopona ukichomoa waya na zisizopona ukibonyeza kitufe, na fundi anayejaribu kwa njia moja tu anaweza kuapa kwamba tatizo halipo.

Sasa, ubaya wa sifuri. Katika chipu hii, anwani 0 si shimo. Ni flashi inayoonekana kutoka mlango mwingine, na neno lake la kwanza (neno ni baiti nne) ni mwanzo wa staki, kwetu 0x20005000; 0x ni alama ya namba za heksa, za msingi wa 16. Kielekezi (kigeu kinachobeba anwani) ambacho hakijajazwa, kikiwa na sifuri, ukisoma kupitia hapo hupati ajali yoyote. Unapata namba safi kabisa, na programu inaendelea kama kawaida. Kwenye kompyuta kubwa kosa hilo lingeangusha programu papo hapo. Hapa linapita kimya.

Kiswahili kinaijua tofauti hii vizuri kuliko msimbo wetu. "Hakuja" si "hajaja". Ukimwuliza mtoto kama amekula, "sikula" na "bado" ni majibu mawili yenye habari mbili. Sifuri kwenye kumbukumbu inasema "hakuna": rekebisho hakuna, deni hakuna, ujumbe hakuna. Lakini mahali ambapo hakuna mtu aliyeandika, jibu la kweli ni "bado". Ninachotaka ni kumbukumbu yenye uwezo wa kusema hivyo.

Alhamisi

Uamuzi: tunapaka rangi kumbukumbu yote. Kila neno la RAM ambalo halina mwenyewe linajazwa namba ya makusudi, ambayo tukiiona popote, kwenye skrini, kwenye ripoti au kwenye rejista (nafasi ndogo ya data ndani ya chipu), tunaijua kwa sura.

Mbinu hii ni ya zamani na imefanya kazi nzuri. Waliofanya kazi kwenye mashine za IBM RS/6000 walizoea kuona 0xDEADBEEF, yaani nyama ya ng'ombe mfu kwa Kiingereza. Mfumo endeshi wa FreeBSD, katika hali ya kutafuta hitilafu, unajaza kumbukumbu iliyorudishwa (iliyoachwa na aliyeitumia) kwa 0xDEADC0DE. Kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya Visual C++ katika hali ya kutafuta hitilafu inajaza staki kwa baiti CC, kumbukumbu mpya ya malloc kwa CD, na iliyorudishwa kwa DD. CC haikuchaguliwa kwa bahati, kwani katika prosesa za x86 baiti hiyo ni amri ya kusimamisha programu, hivyo msimbo ukipotea njia na kuanza kutekeleza staki, unasimama hapo hapo. Kernel ya Linux ina faili zima la namba hizi. Baiti 6b ikijaa kwenye ripoti ya ajali, msomaji anajua kitu kimeguswa baada ya kurudishwa. Na programa wa Kichina wanaijua CC kwa namna yao: baiti mbili za CC katika GBK, usimbaji wa herufi za Kichina, ni herufi 烫, maana yake moto wa kuunguza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesahau kujaza bafa (nafasi ya kuwekea maandishi) anaona skrini imejaa "moto moto moto".

FreeRTOS yenyewe inapaka staki ya kila taski kwa baiti A5 inapoiunda. Tungeweza kutumia hiyo kila mahali tukamaliza. Lakini nilitaka namba ambayo mwenzangu, mimi, na kijana yeyote tutakayemwajiri tutaisoma bila kufungua jedwali. Herufi za heksa ni A hadi F peke yake, na sifuri unaweza kuisoma o. Tukakaa na chai tukitafuta maneno. Tumepata mengi kuliko nilivyodhani: baba, dada, beba, debe, doa, eda. Halafu mwenzangu akaandika kwenye kadibodi, pole pole, B, A, D, 0.

Bado.

Sikuhitaji kufikiri zaidi. 0xBAD0BAD0, bado bado, ndiyo rangi ya kila mahali ambapo hapajaandikwa. Tukaipima kiufundi pia, maana jina zuri peke yake halitoshi. Kama anwani, iko katika eneo ambalo chipu yetu haina kitu, kwa hiyo kielekezi chenye thamani hiyo kinaleta "bus fault", hitilafu ya njia ya data ndani ya chipu, na rejista iliyoko 0xE000ED38 inabaki na anwani yenyewe. Kama kielekezi cha funksheni, biti yake ya mwisho ni 0, na Cortex-M3 inakataa kurukia anwani ya namna hiyo. Kama namba yenye alama ya chanya au hasi ni −1160725808: hasi, kubwa mno, haiwezi kudhaniwa kuwa lita wala shilingi. Kama maandishi, tutaona.

Kwa mpaka wa chini wa kila staki tumeweka 0xBEBADEBE, "beba debe". Tukiikuta imebadilika, staki imefurika. Na kwa kumbukumbu iliyorudishwa, mwenzangu, ambaye kwao ni Pwani, akasema eda. Mke aliyefiwa au kuachwa hukaa eda, haolewi mpaka muda uishe. Kipande cha kumbukumbu nacho kikirudishwa kisipewe mtu mwingine mara moja: kijazwe 0xEDA0EDA0, kikae nyuma ya foleni, na siku ya kutolewa tena tukague kama kuna aliyekigusa kikiwa edani.

Ijumaa usiku

Msimbo wa kupaka RAM wakati wa kuwasha nimeuandika kwa asembli, lugha ya amri za chipu yenyewe, mistari tisa, ndani ya msimbo wa mwanzo, kabla ya vigeu kufutwa. Lazima iwe asembli, kwa sababu funksheni ya C ingetumia staki ile ile inayoipaka. Maneno 5,120, chini ya milisekunde 5 hata saa ya chipu ikiwa bado kwenye megahezi 8. Mteja hawezi kuona tofauti.

Halafu nikawasha, na kwenye dirisha la tarakilishi ripoti ya modemu ikaja hivi:

KIOSKI 1 TAYARIкккккккккк

Nimeitazama hiyo mikia ya k kwa muda mrefu. Nilidhani kibodi imekwama. Nikaibadilisha iwe heksa: D0 BA D0 BA D0 BA. Chipu yetu inahifadhi neno ikianza na baiti ndogo, kwa hiyo BAD0 inalala kwenye kumbukumbu kama D0 BA, na baiti hizo mbili katika UTF-8, usimbaji wa herufi wa tarakilishi, ni к, herufi ya Kisirili. Wachina wana "moto moto", sisi tuna "kkkk". Bafa ya ripoti ilikuwa inatumwa yote badala ya kukatwa mwisho wa maandishi. Zamani mkia ulikuwa sifuri, na sifuri haionekani kwenye dirisha. Kasoro hiyo imekuwepo tangu siku ya kwanza ya mradi.

Ya pili imejitokeza nusu saa baadaye. Nilipochapisha hali ya staki zote, staki ya taski ya modemu, maneno 128, ilikuwa imebakiza maneno sita tu yenye rangi. Sita! Ni snprintf, funksheni ya kupanga maandishi, inayokula. Ujumbe mmoja mrefu kidogo kutoka kwa mtandao na debe lingemwagika. Nimeipa maneno 256.

Kwa muda nilitumaini kwamba hiyo ndiyo hitilafu ya Kayole. Nimelala nikiwa na tumaini hilo.

Jumamosi

Eda imeanza kufanya kazi. Tuna vipande 8 vya baiti 64 vya kupitishia ujumbe kati ya taski. Leo saa nane mchana ukaguzi umesimamisha mashine: kipande namba 3, neno la nne halikuwa EDA0EDA0, lilikuwa 1. Kipima muda cha kurudia kutuma kilikuwa kinaongeza hesabu ya majaribio kwenye kipande ambacho tayari kimerudishwa. Kimetengenezwa.

Tumepeleka toleo jipya Kayole jioni. Mama alitupa viti, akasimama karibu akitazama skrini. Tukauza mitungi 14, yote sawa.

Jumanne, wiki ya pili

Imemwagika tena. Mama hakupandisha sauti, na hilo limeniuma zaidi. "Fundi, mimi nanunua hayo maji. Yakimwagika ni yangu." Ni kweli tupu. Nimemwambia maji ya mwezi huu yaliyomwagika tutayalipa sisi, na mwenzangu amekubali.

Tulisafisha kasoro tatu za kweli, na hiyo ya kumwaga maji haikuwa miongoni mwao.

Jumatano

Leo nimeelewa kosa la mbinu yenyewe, na naliandika kwa urefu kwa sababu sijaona watu wakilisema.

Rangi ya kuwasha ni rangi ya mara moja. Inasema "bado" mpaka mtu wa kwanza akanyage. Staki inakanyagwa kila sekunde: funksheni inaingia, inaandika vigeu vyake, inatoka, na vigeu vyake vinabaki pale kama nyayo kwenye tope. Funksheni inayofuata ikiingia mahali pale pale, ikasahau kujaza kigeu kimoja, haikuti bado. Inakuta nyayo za mwenzake. Kwa hiyo rangi ya asubuhi inakamata makosa ya asubuhi tu. Mashine ya Kayole inauza mchana kutwa.

Inabidi kupaka upya kila kabla ya kuuza. Nimeandika funksheni ndogo inayopaka staki ya taski ya mauzo kuanzia chini kidogo ya mahali ilipo sasa hadi kwenye mpaka wa beba debe. Ina mitego miwili. Wa kwanza, interapti, yaani ishara inayokatiza kazi ya chipu. Interapti ikiingia katikati ya kupaka, Cortex-M3 inasukuma maneno 8 kwenye staki ya taski, na taski zikibadilishana FreeRTOS inaongeza mengine 8; yote yanaacha mabaki juu ya rangi mbichi. Kwa hiyo inapakwa interapti zikiwa zimefungwa. Wa pili, kipimo cha FreeRTOS cha staki iliyobaki kinahesabu baiti za A5, na kwetu A5 hazipo tena. Lazima uandike kipimo chako, na uhifadhi kina kikubwa kilichofikiwa kabla ya kila mpako, la sivyo unafuta ushahidi wako mwenyewe.

Alhamisi, saa tano asubuhi

Imepatikana.

Mezani. Kadi ile ile ya majaribio yenye salio la shilingi 500 iliyouza mitungi 200 bila kukosea. Nimegusisha, nimechagua lita 20. Vali imelia tak, ikafunga tak, hapo hapo. Skrini: lita 0. Kwenye dirisha:

lengo −1160716808
rekebisho −1160725808

Sikuhitaji kikokotoo kwa hiyo ya pili. Namba hiyo naijua kama namba yangu ya simu. Ni bado bado, na ya juu yake ni hiyo hiyo ikiwa imejumlishwa na 9,000.

Strakti ya mauzo (fungu la vigeu vya uuzaji mmoja) ina sehemu inayoitwa rekebisho, yaani pulsi za kuongeza au kupunguza kwenye lengo, shinikizo la maji likishuka. Niliiongeza mwenyewe mwezi wa pili wa mradi. Shinikizo likishuka, inajazwa. Likiwa sawa, hakuna anayeiandika kitu. Hakuna! Na kompaila haikuonya, kwa sababu anwani ya strakti inapelekwa kwenye funksheni iliyo katika faili jingine, nayo ikadhani huko ndiko strakti itakakojazwa.

Mbona basi mitungi 200 ilikuwa sawa? Nimechora staki kwenye karatasi, kisanduku kwa kisanduku. Kabla ya kuuza, taski hiyo hiyo inaandika salio kwenye skrini. Bafa yake inafutwa kwa sifuri, kisha inapokea "Salio Sh 500". Hesabu herufi: "Salio Sh " ni tisa pamoja na nafasi, na tarakimu tatu ni kumi na mbili. Bafa hiyo ikishaachwa, rekebisho linakalia baiti ya kumi na tatu hadi ya kumi na sita. Salio likiwa na tarakimu tatu, hapo pana sifuri nne. Rekebisho ni 0. Kila kitu sawa, na fundi anafurahi.

Salio likiwa na tarakimu nne, tuseme 1240, tarakimu ya nne inaangukia ndani ya rekebisho. Si namba 0, ni herufi "0", ambayo kwa ASCII, usimbaji wa kawaida wa herufi, ni 48. Vali inafunga pulsi 48 baadaye. Hiyo ni kama mililita 107. Ikiwa tarakimu ni 9, ni pulsi 57, mililita 127. Nani ataona nusu kikombe ndani ya mtungi wa lita 20?

Na tarakimu tano? 12350: herufi "5" na "0" zinaingia pamoja, baiti 35 na 30 za heksa, ambazo chipu inazisoma 0x3035. Pulsi 12,341. Lita 27 na zaidi, juu ya 20 zilizolipiwa.

Nimempigia mama saa hiyo hiyo. Nikamwuliza, kuna mteja yeyote anayejaza kadi pesa nyingi, elfu kumi kwenda juu? Hakusita. "Ni yule wa hoteli, huweka ya mwezi mzima. Kijana wake ndiye huja kuchota." Akanyamaza kidogo. "Fundi, kila ilipomwagika ni yeye alikuwa hapa."

Habari ilikuwa kwa mama muda wote. Mimi nilimwuliza lita ngapi. Sikuwahi kumwuliza kadi ya nani.

Ijumaa

Nimepanda matatu ya Kayole nikiwa na laptopu na daftari. Mama alikuwa na jambo lake la kunionyesha: kitabu chake cha mauzo. Tangu mashine iingie, tangi lake la lita 5,000 linaisha kabla ya hesabu. Si sana, lakini kila mara. Alikuwa ameshamshuku msichana anayemsaidia.

Nikamweleza habari ya zile mililita mia na kitu. Kila kadi yenye elfu moja na zaidi, kila mtungi, nusu kikombe. Mitungi tisa na kidogo, lita moja imekwenda. Alitaka kuelewa kabisa, kwa hiyo nilimchorea visanduku kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu: hapa pameandikwa salio, pamefutwa jina tu lakini wino umebaki, na mashine ikaja ikasoma wino wa mwingine ikadhani ni wake. Akasema, "Kama kuandika deni kwenye ukurasa wenye deni la mtu mwingine." Ndiyo, mama, ndivyo hasa.

Kisha akamwita yule msichana aje asikie. Nilisimama pembeni mpaka walipomaliza kuzungumza.

Jumatatu, wiki ya tatu

Matengenezo yenyewe ni mstari mmoja: strakti nzima inajazwa inapozaliwa, rekebisho likiwa 0. Safari hii sifuri ni halali, kwa sababu kuna mtu ameamua kwamba rekebisho hakuna.

Mengine niliyobadilisha leo. Lengo la pulsi likiwa chini ya 0 au juu ya lita 25, vali haifunguki na ripoti inatumwa. Mwenzangu amegundua kwamba kompaila ya GCC kuanzia toleo la 12 ina swichi, -ftrivial-auto-var-init=pattern, inayojaza kila kigeu cha ndani kisichopewa thamani kwa baiti FE kila funksheni inapoingia. Hiyo ni kazi ya funksheni yangu ya kupaka, ila kwa programu nzima na bila mitego ya interapti. Tumeijaribu kwenye msimbo wa zamani wenye hitilafu: rekebisho −16843010, mauzo ya kwanza, papo hapo. Huwezi kuchagua rangi yako, na nimeona uchungu kidogo kuiacha bado yangu hapo, lakini kwa vigeu vya ndani swichi ni bora na tumeiweka. Gharama kwenye mwendo hatujaiona kwa jicho. Mashine inayosubiri maji yapite ina muda mwingi.

BAD0 inabaki kwa RAM ya kuwasha na staki, beba debe kwenye mipaka, eda kwa vipande vya ujumbe. Tumebishana kama tuviondoe kwenye mashine zinazokwenda kwa wateja. Wapo wanaosema rangi ni ya karakana, bidhaa iende na sifuri ili isimwangukie mteja. Mimi siwezi kukubali hilo tena. Sifuri ndiyo iliyoficha kosa lililomnyima mama huyu maji yake kimya kimya, na kumtia doa msichana asiye na kosa. Rangi inakwenda Kayole.

Flashi ya ripoti haihitaji kupakwa. Flashi iliyofutwa ina FF kila mahali kwa maumbile yake.

Alhamisi

Kayole, saa moja asubuhi, toleo jipya. Tulimsubiri kijana wa hoteli pamoja. Amekuja na mkokoteni wenye mitungi sita, kadi ina 11480. Kwa msimbo wa zamani hapo pangekuwa na herufi "8" na "0", pulsi 12,344 za ziada.

Mama alishika mfereji wa mkono, tayari. Mtungi wa kwanza ukafika shingoni. Tak.

lengo 9000, rekebisho 0, imefunga 9003

Wa pili 9002. Wa tatu 9003. Alipofika wa nne aliuachia mfereji, akaenda kuwasha jiko.